Nilivyombebesha Majora Binti wa Laoban

Binti wa miaka kumi na saba alikuwa akimenyewa yai na mama yake, mbele yangu, wala hakuona haya. Mama alimenya, akapuliza, akalikata vipande viwili na kumwekea kwenye bakuli la uji. Binti akala huku macho yake yakiwa kwenye televisheni. Nilikaa upande wa pili wa meza nikiwa na kikombe changu cha chai, nikajiambia huyu mtoto anaumwa. Nikagusa paji langu la uso kuuliza kama ana homa. Mama akacheka, akatikisa kichwa. Haumwi. Anasoma.

Macho yalinitoka. Anasoma, basi hana mikono?

Huo ulikuwa mji wa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi huko Singida kwa miaka kumi na mmoja kabla sijaweka chaki chini na kuingia kwenye vitambaa. Wafanyabiashara watatu wa Kariakoo walinituma niwe jicho lao: nikae huko miezi kadhaa, nichague majora, nihakikishe kwamba rangi niliyoonyeshwa ndiyo inayofungwa kwenye marobota. Yule mama alikuwa na duka kubwa katika soko la Zhongda, na stoo ya ghorofa mbili nyuma yake. Sote tulimwita laoban, yaani bosi, kwa sababu huko kila mwenye duka ni laoban, hata awe na kameza kadogo ka vifungo. Huyu wangu alikuwa laoban wa kweli. Alikuwa na duka, alikuwa na kiwanda mji wa jirani, alikuwa na gari na dereva, na alikuwa na mtoto mmoja tu.

Aliposikia kwamba nimewahi kuwa mwalimu, hakuniachia tena. Binti yake alikuwa na mtihani wa kuingia chuo kikuu mwezi wa saba, na Kiingereza kilikuwa kinampa mama presha. Tukakubaliana kwamba nitamfundisha binti kila Jumamosi na Jumapili mchana, naye atanipa chumba juu ya stoo nikae bila kulipa. Nilimshika mkono nikamwambia, kwa Kichina changu cha kubabaisha, kwamba binti atafaulu, na kwamba sijawahi kushindwa na mtoto. Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu.

Lazima nieleze kwa nini lile yai lilinitia wazimu. Sisi tulikua tukisimuliwa habari za Wachina waliojenga reli, kwamba Mchina hachoki, Mchina hapotezi dakika, Mchina anakula wali kidogo na kushika sururu. Mwanafunzi akisinzia darasani, mwalimu alimwambia, "Ungekuwa China ungeona!" Nimewaambia watoto wa watu maneno hayo mimi mwenyewe, na fimbo mkononi. Halafu nafika China na kukuta mtoto anapuliziwa yai!

Na yai lilikuwa mwanzo tu. Mkoba wa shule ulibebwa na dereva, na maji ya kunywa yalimiminwa na mtumishi. Alikuwa na chumba chake chenye kiyoyozi, piano ambayo kazi yake ilikuwa kushikilia nguo zilizovuliwa, na redio ya masikioni ambayo hakuivua hata nikiwa namsalimia. Kiingereza chake hakikuwa kibaya kama mama alivyodhani. Kilitosha yeye awe mkalimani wetu, mimi na mama yake. Ubaya wake ulikuwa mwingine. Nikimpa zoezi, anaandika mstari mmoja, analaza shavu kwenye meza na kufumba macho. Halali. Amefumba tu, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Jumapili ya pili nilimwuliza unataka kuwa nani.

"Sitaki kuwa mtu yeyote," akanijibu.

Nikasema labda hajaelewa swali. Nikalirudia polepole.

"Nimeelewa, Mwalimu. Nina nyumba. Mama ana kiwanda. Nisome ili nipate nini?" Wala hakuwa na kiburi. Aliuliza kweli, kama mtu anayeuliza njia. "Siku ya mtihani nitaandika jina langu, kisha nitalala. Usimwambie mama."

Katika miaka kumi na mmoja nimeona watoto wasio na daftari, watoto waliokuja shule bila kula tangu jana, watoto waliosomea kibatari mpaka kope zikaungua. Sijawahi kuona mtoto aliyekosa sababu. Sikujua kwamba kuna umaskini wa namna hiyo, na nilikasirika kukutana nao kwenye nyumba yenye zulia.

Kesho yake nilikwenda mtaa wa Dengfeng kupunguza hasira. Waafrika hapo wakati ule tulikuwa wa kuhesabika, na ukitaka kusikia Kiswahili ilibidi uende kwenye mkahawa mmoja wa Waislamu wa huko, wenye tambi na nyama ya kondoo. Nilimkuta rafiki yangu Mkenya, mama mmoja wa Nairobi aliyekuwa akinunua viatu. Nikammwagia yote, tangu yai mpaka mpango wa kulala kwenye mtihani.

"Wacha zako, mwalimu," akasema akicheka. "Huyo ni mtoi wa sonko. Mtoto wa tajiri, ulitaka aoshe sufuria?"

"Nataka ajue kazi. Kwetu mtoto anafundishwa kazi kwanza, akili inafuata."

"Kwenu! Kwenu hata salamu ni ya masaa mawili." Akavuta tambi zake. Kisha akaacha kucheka. "Sikiza, dada. Hiyo room ni ya bure na mathe yake ndiye laoban wako. Fundisha hizo ABC, kula, lala. Usilete siasa ya TZ hapa, utatupwa nje na mabegi yako."

Ushauri ulikuwa mzuri. Mimi nina kichwa kigumu, na nilikuwa nimeshaweka ahadi.

Mwezi wa sita shule iliwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakajisomee nyumbani. Laoban alikuwa akishinda kiwandani, anarudi jioni. Alinipa binti kwa siku nzima, asubuhi hadi saa kumi, nimkamue Kiingereza. Nilimtazama yule mtoto alivyolala juu ya kamusi, nikakumbuka jinsi siku ilivyoanza kwenye shule yangu. Mwanafunzi alikuja na ufagio mkono mmoja na ndoo mkono wa pili. Alifagia, alifyeka, alibeba matofali, alimwagilia bustani, ndipo kengele ya darasa ikagongwa. Tuliiita Elimu ya Kujitegemea. Mimi nililelewa ndani yake na nikalelea wengine. Niliamini, na niliamini kwa moyo wote, kwamba mgongo ukichoka akili inaamka.

Nikamwambia, "Vaa raba. Leo somo liko sokoni."

Zhongda ya wakati huo ilikuwa vichochoro vya mabati na mikokoteni, vumbi la nyuzi hewani, na watu wanaokimbia na majora begani wakipiga kelele upishe njia. Binti alikuwa hajawahi kuingia stoo ya mama yake. Fikiria hilo! Nguo zote alizovaa maishani zilitoka humo, na hakujua mlango uko wapi. Nikamwonyesha rundo la satini na gari la mizigo lililokuwa likipakiwa nje. Nikamwambia kila jora moja ni maneno matano ya Kiingereza, atayataja akitembea.

La kwanza alitembea nalo hatua kumi, akakaa juu yake. Wachukuzi waliangua kicheko. Wasichana wa dukani, waliotoka vijijini mikoa ya mbali, walitazamana kwa hofu. Hawakujua kama wamsaidie au wajifanye hawaoni. Mmoja wao, rika moja na binti, akashindwa kuvumilia. Akaja akamwonyesha jinsi ya kuliegemeza shingoni na kulishika kwa mkono mmoja ili mwingine ubaki huru. Siku hiyo alibeba majora manne. Nilidhani kesho atajifanya mgonjwa.

Kesho yake alikuja. Siku ya nne alinitangulia. Alikuwa akitembea na jora huku akipiga kelele maneno ya Kiingereza, na wachukuzi wakimwitikia kwa utani bila kuelewa hata moja. Mchana alikula mabakuli mawili ya wali, akaomba la tatu. Na baada ya kula, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha stoo, alifungua kitabu bila kuambiwa. Nilijikaza nisionyeshe kwamba nimeona.

"Yule msichana," akaniambia siku moja, akimaanisha yule aliyemfundisha kubeba, "aliacha shule miaka mitatu iliyopita. Ameniuliza huko shule tunafanya nini siku nzima. Sikujua nimjibu nini."

"Ukampa jibu gani?"

"Nimemwambia nitafikiri." Akapekua ukurasa. "Mwalimu, hapa kwenye sentensi hii, kwa nini kitenzi kimebadilika?"

Hilo lilikuwa swali lake la kwanza la kimasomo tangu tufahamiane. Nilitaka kuruka. Begani, pale ukosi wa fulana ulipoishia, kulikuwa na alama nyekundu. Aliona ninaitazama, akavuta nguo kuifunika, akaniomba nisimwambie mama. Nikakubali. Hilo nalo niliamua kuliita nidhamu.

Jumatano ya wiki ya tatu, laoban alirudi kutoka kiwandani saa tano asubuhi.

Nilimwona mimi kwanza. Alisimama kwenye mlango wa stoo na mkoba wake wa ngozi mkononi. Binti alikuwa akija na jora begani, jasho linamtiririka, anataja maneno. Akamwona mama yake, na sauti ikamkatika. Kila mtu mle ndani aliacha alichokuwa akifanya. Nilingoja kelele. Laoban aliweka mkoba chini, akaenda kwa mwanawe, akamtua jora lile kwa mikono miwili. Kisha akalitupa begani kwake mwenyewe, kwa mzungusho mmoja wa kiuno, akatembea nalo mpaka kwenye gari, mbiombio, na viatu vyake vya kisigino. Hata wachukuzi hawakuwa na mwendo ule.

Mwanamke huyu hakuwahi kubeba hata mwavuli wake mbele yangu.

Alirudi, akafungua vifungo viwili vya blauzi, akavuta kitambaa pembeni. Begani kulikuwa na nundu, ngumu, ya rangi ya mfupa. Akaanza kusema. Aliongea na mimi, kwa sauti ndogo, na binti akatafsiri. Nilijua kutokana na jinsi tafsiri ilivyokuwa ikikwama kwamba naye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

Alikuwa na miaka kumi na sita, wa kwanza darasani kwa hesabu, shule zilipofungwa kwa amri ya serikali, yeye na wenzake wakapelekwa mashambani wakajifunze kwa wakulima. Alibeba samadi na mawe kwa mti wa begani miaka minane. Waliambiwa kazi ndiyo shule.

Maneno hayo hayo, kwa Kiswahili, yalikuwa yamepigwa rangi kwenye ukuta wa shule yangu, na mwandiko ulikuwa wangu.

"Anasema," binti akaendelea, "walimpa karatasi ya sifa kwa bidii. Anayo hadi leo. Mitihani ya chuo iliporudishwa alikwenda akakaa kwenye dawati, akakuta hakumbuki hata namna ya kugawanya. Alirudisha karatasi nyeupe." Akalitazama bega la mama yake. "Anasema aliapa mtoto wake hatabeba kitu. Hata kijiko."

Nilijitetea, nami ni mtu wa kujitetea. Nilisema binti sasa anasoma, anauliza maswali, anakula. Nilisema alikuwa ameamua kulala kwenye mtihani. Hapo binti alisita, akanitazama. Sikujua alitafsiri nini. Laoban alifunga vifungo vyake, akasema maneno machache na kumshika mwanawe mkono.

"Anasema unaweza kukaa chumbani mpaka mzigo wako uondoke. Mimi usinifundishe tena."

Nililia jioni ile, na nilivyo sina machozi ya karibu. Nililia kwa hasira. Niliona nimeonewa: nimemwamsha mtoto wao, na malipo yake ndiyo haya. Rafiki yangu wa Nairobi aliposikia hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Mwezi wa saba, siku tatu za mtihani, nilisimama ng'ambo ya barabara kutazama lango la shule. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Wazazi walijaa pale na miavuli na chupa za maji, wamekodoa macho kwenye madirisha kana kwamba watawapulizia watoto majibu. Laoban alikuwa mstari wa mbele. Siku ya Kiingereza binti alitoka miongoni mwa wa mwisho, na vidole vyake vilikuwa na wino. Mtu aliyelala hachafuki wino. Nikarudi zangu bila kuonekana.

Mwezi wa nane, nikiwa nimebakiza marobota mawili ya kusafirisha, dereva alikuja stoo na kadi nyekundu. Binti amefaulu, amepata chuo kikuu, na Jumapili mchana kuna chakula. Naalikwa.

Hotelini walinikalisha meza kuu. Kulikuwa na wajomba, mashangazi, samaki mzima, na kila aliyefika alinipigia makofi. Binti alisimama na kikombe cha chai, akasema kwa Kichina na kisha kwa Kiingereza kwamba alama zake za juu kabisa ni za Kiingereza, na kwamba aliyemfundisha kusoma ni Mwalimu wake, kwa majora. Meza nzima ilicheka. Mama yake pia alicheka! Alinyanyuka akanimiminia chai mwenyewe, akashika kikombe kwa mikono miwili kunipa, na macho yake yalikuwa yamelowa. Ndugu zangu, kichwa kilinivimba. Nikasema moyoni, nimeshinda mimi na Singida yangu.

Laoban akakaa karibu nami. Hakuwa na kinyongo usoni, alitaka kujua tu. Akauliza kitu, na binti akatafsiri akitabasamu.

"Mama anauliza, kule shuleni kwako, nani alibeba vizuri kuliko wote?"

Sikuhitaji kufikiri. Nikawasimulia habari za msichana mmoja wa darasa la saba, mrefu, mwenye shingo iliyonyooka, aliyeweza kuweka ndoo ya lita ishirini kichwani na kutembea kutoka kisimani bila kuigusa kwa mkono na bila tone kumwagika. Wenzake walinung'unika, yeye kamwe. Nilimpenda kwa hilo. Wengine walikwenda safari moja asubuhi, yeye nilimtuma mara mbili, na kiangazi visima vilipokauka nilimtuma hata katikati ya vipindi, kwani wengine wangechelewa. Nilimsimamisha mbele ya shule nzima nikawaambia watoto watazame bidii ilivyo. Nilisimulia kwa mikono, nikaigiza mwendo wake, na mashangazi wakacheka.

Laoban alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza neno moja.

"Alifaulu?" binti akatafsiri.

Nilikuwa namwona yule msichana asubuhi matokeo yalipobandikwa, akipitisha kidole kwenye orodha kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. Nilikuwa nimemhurumia siku ile. Nilimwambia si kila mtu amejaliwa kichwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza vile vipindi alivyokosa vilikuwa vya somo gani, na sasa, katikati ya vicheko na harufu ya samaki, nilijua. Vilikuwa vya hesabu, na hesabu nilifundisha mimi.

Nikasema hapana, hakufaulu.

Binti aliacha kutabasamu. Akamwambia mama yake kwa sauti ndogo. Laoban alinitazama bila hasira yoyote, akauliza tena, na nikaona binti hataki kutafsiri. Mama akamgusa mkono.

"Anauliza, yale maji yalikuwa ya nani?"

Ningeweza kusema ya shule. Hakuna mtu pale ambaye angejua.

Nikawaambia mengi yalikuwa ya nyumbani kwangu.